Nebraska: tumvumilie Matt Rhule au tumfungashie virago? Tulinganishe kwanza ndo tuamue

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2022 nilikuwa zamu ya usiku ghalani hapa Omaha, na muda wa mapumziko tukajazana chumba cha kulia watu kama kumi hivi tunachungulia simu ya mzee mmoja tunayefanya naye kazi, Mzungu wa kijijini kabisa huko magharibi mwa jimbo, kaiegemeza kwenye chupa yake ya kahawa. Nebraska, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, wako nyumbani Lincoln wanacheza na Georgia Southern, timu ndogo iliyolipwa pesa ije ifungwe iondoke. Zimebaki sekunde 36 kwotabeki wa wageni, yule anayeongoza mashambulizi, akaukumbatia mpira akakimbia nao mwenyewe mpaka ndani, 45 kwa 42. Nebraska wakajaribu teke la mbali la yadi 52 mwishoni kabisa, likaenda nje. Yule mzee hakutukana wala hakupiga meza, alichukua simu akaifuta kioo kwa pindo la shati lake jekundu, akaitia mfukoni, akarudi kwenye folklifti yake kimya. Kesho yake kocha Scott Frost akafukuzwa.

Sasa miaka imepita, kocha ni mwingine, na ubishi umerudi palepale. Matt Rhule avumiliwe au aondoke? Kwa wenzangu mnaoishi Omaha, Lincoln au Grand Island mnajua hili jimbo halina timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, timu ya chuo ndo kila kitu, uwanja wa Memorial Stadium Lincoln unajaa kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962 kwa hesabu yao rasmi, na Jumamosi ya mechi mji wote unakuwa mwekundu hata mabibi wa miaka themanini kwenye foleni ya duka wamevaa jezi. Kwa hiyo ukifanya kazi hapa lazima utaulizwa uko upande gani, na mimi nimeulizwa mara nyingi mpaka nikaamua kukaa chini nizipange hizi pande mbili ubavu kwa ubavu, maana naona watu wanabishana kwa hasira ya mechi ya juzi tu na historia wanaichukua kipande kile kinachowafaa.

Kwanza tuelewane tunachokililia. Nebraska ina ubingwa wa taifa mara 5: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Miwili ya kwanza ni ya Bob Devaney, mitatu ya mwisho ni ya Tom Osborne aliyefundisha kuanzia 1973 mpaka 1997, akashinda mechi 255, akapoteza 49, droo 3. Misimu 25 na hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Kati ya 1993 na 1997 walicheza mechi 63 wakapoteza 3 tu. Msimu wa 1995 fainali waliwapiga Florida 62 kwa 24, na ile mbio ya Tommie Frazier ya yadi 75 akikatika kwenye mikono ya watu kama nusu timu, hiyo ukienda kinyozi chochote cha wazee hapa utaoneshwa kwenye simu hata kama hujaomba. Ndo maana mtu aliyezaliwa 1975 hapa hana habari ya kushinda mechi 7, kwake saba ni msiba.

Linganisha na sasa. Tangu 1999 hawajachukua ubingwa wa konfarensi yoyote (yaani ligi ya kundi la vyuo). Mara ya mwisho kushinda mechi 9 ni 2016. Kuanzia msimu wa 2017 mpaka 2023 hawakucheza mechi hata moja ya bouli, zile za mwisho wa mwaka ambazo hata timu ya kawaida yenye ushindi 6 inaingia. Sisi wa huku kwetu tuliokulia na ligi ya Uingereza tunaelewa haraka tukiambiwa ni kama Manchester United baada ya Ferguson kustaafu 2013, makocha wanapita tu, kila anayekuja anapewa picha ya mzee ukutani aangalie.

Upande wa kuvumilia

Silaha yao kubwa ni Osborne mwenyewe, na hapa wako sahihi kuliko watu wanavyojua. Leo watu wanamkumbuka na makombe lakini kombe la kwanza la taifa alilipata 1994, msimu wake wa 22. Kabla ya hapo alikuwa ni yule kocha asiyeweza mechi kubwa. Alifungwa na Oklahoma mara 5 mfululizo tangu aanze, hakuwapiga mpaka Novemba 1978, 17 kwa 14, na hata mwaka huohuo maneno yalikuwa mengi kiasi kwamba karibu aondoke zake kwenda Colorado. Baadaye tena akapoteza mechi za bouli 7 mfululizo, kuanzia msimu wa 1987 mpaka 1993. Saba! Leo kocha akipoteza mbili watu wanataka ndege ya kumrudisha kwao.

Na ile ya Orange Bowl Januari 1984 ndo inaniuma mpaka leo ingawa nilikuwa sijafika nchi hii. Nebraska hawajafungwa msimu mzima, wako nyuma ya Miami 31 kwa 24, wakapata tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, pointi 6) dakika ya mwisho ikawa 31 kwa 30. Teke moja la kawaida ni droo, na kwa droo karibu kila mtu anakubali wangepigiwa kura kuwa mabingwa. Osborne akakataa droo, akaenda kutafuta pointi mbili, pasi ya Turner Gill ikaguswa na kidole cha mlinzi ikaanguka. Akakosa ubingwa kwa kuchagua kushinda, na chuo hakikumfukuza wala hakuna aliyethubutu kumwita mwoga. Miaka kumi baadaye mavuno yakaja. Watu wa kuvumilia wanasema hapo ndo penye siri yote, alipewa muda, wasaidizi wake walikaa naye miaka na miaka, kijana aliyesajiliwa alijua kocha atakayemkuta siku anamaliza ni yuleyule.

Halafu wana Frank Solich. Huyu aliachiwa timu na Osborne 1998, akafundisha misimu 6 akashinda 58 akapoteza 19, akachukua ubingwa wa konfarensi yao ya Big 12 mwaka 1999, akafika fainali ya taifa msimu wa 2001. Ni kweli 2002 ilikuwa 7 kwa 7 mbaya, yaani ushindi 7 vipigo 7. Lakini 2003 alishinda 9 akapoteza 3 na wakamfukuza, mkurugenzi wa michezo wa wakati huo akasema hawezi kuiacha timu iteleze kuwa ya kawaida. Akaletwa Bill Callahan kutoka NFL na mfumo wa kupiga pasi, wachezaji waliosajiliwa kukimbia wakaambiwa warushe, na mwaka wa kwanza tu 2004 walimaliza 5 kwa 6, msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961, wakapigwa na Texas Tech 70 kwa 10, na ule mfululizo wa miaka 35 ya kucheza bouli kila mwaka ukakatika hapo. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Solich mwenyewe alienda chuo cha Ohio, kile cha mji wa Athens sio Ohio State, akakaa huko mpaka akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote kwenye historia ya ile konfarensi yao. Lincoln alikaa mbali miaka karibu 20, akaja kurudi uwanjani 2023 alipoalikwa kuenziwa, na waliokuwepo wanasema watu wazima walilia.

Bo Pelini ni hadithi ileile kwa ufupi. Misimu 7, kila msimu angalau ushindi 9, na kila msimu kabla ya ule wa mwisho vipigo 4. Mdomo wake ulikuwa mkali sana na hilo lilimponza. Akafukuzwa 2014 baada ya 9 kwa 3, akaja Mike Riley, mzee mpole mtu wa watu, 19 kwa 19, kwisha.

Kwa hiyo mara mbili wamefukuza mtu wa ushindi 9 wakaangukia pabaya zaidi. Hii hoja ina nguvu, sio ya kuibeza.

Upande wa kumtimua

Hawa nao wana Scott Frost, na Frost anatosha.

Frost ni mtoto wa nyumbani, kakulia Wood River hapahapa Nebraska, ndo kwotabeki wa ubingwa wa 1997, akaenda kufundisha UCF Florida akamaliza 2017 bila kufungwa, 13 kwa 0. Aliporudi Desemba ile jimbo zima liliimba. Mcheza kwao hutunzwa, na kweli alitunzwa: 2018 akaanza kwa kufungwa mechi 6 za kwanza, watu wakasema apewe muda, 2019 wakasema apewe muda, 2020 korona, 2021 akashinda 3 akapoteza 9 na zote 9 tofauti ilikuwa pointi 9 au chini. Hapo watu wa kuvumilia walisema jamani tumekaribia, tofauti ni kucha tu, mwakani kucha itageuka. Msimu wa 2022 ukaanzia Dublin Ireland na Northwestern, wako mbele 28 kwa 17, akaamua kupiga ule mpira mfupi wa kushtukiza ili timu yake iudake tena, Northwestern wakaudaka wakapata nafasi nzuri, mwisho wake 31 kwa 28 wamefungwa. Wiki mbili baadaye ndo usiku ule wa chumba chetu cha kulia. Jumla yake 16 kwa 31. Kwenye mechi za tofauti ya pointi 8 au chini alishinda 5 akapoteza 22.

Tano kwa ishirini na mbili sio mkosi. Mkosi unakuja na kuondoka, hii ni tabia ya timu. Na kibaya ni kwamba chuo kilimfukuza wiki tatu tu kabla ya tarehe 1 Oktoba ambapo fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 kwenda milioni 7 na nusu, yaani walivumilia muda wote ule halafu uvumilivu ukawaishia siku ambayo ndo ghali kuliko zote.

Silaha yao ya pili ni Indiana, na hii mpya ndo inawauma watu wa huku maana Indiana kwa miaka yote ilikuwa timu ya kufungwa, imepoteza mechi nyingi kuliko karibu kila mtu. Mwaka 2023 walimaliza 3 kwa 9, wakamlipa kocha wao aende, wakamchukua Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akaja na wachezaji zaidi ya kumi aliokuwa nao kule, na 2024 hiyohiyo akashinda 11 akaingia mchujo wa taifa. Oktoba mwaka ule Nebraska wakaenda Bloomington wakiwa 5 kwa 1, vifua mbele, wakapigwa 56 kwa 7. Msimu uliofuata Indiana wakachukua ubingwa wa taifa bila kufungwa, 16 kwa 0. Sasa wewe mwambie shabiki wa Nebraska kwamba kujenga timu kunachukua miaka mitano, atakuuliza mbona hawa walijenga kwa miaka miwili, na utakosa jibu la haraka.

Sababu ya hili kuwezekana ni sheria zimebadilika. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu Julai ya mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na sasa vyuo vyenyewe vinagawa pesa moja kwa moja kwa wachezaji. Zamani kocha mpya alirithi vijana wa kocha wa zamani akasubiri miaka minne awe na wa kwake. Leo anafungua potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, Januari, anaondoa thelathini anaingiza thelathini. Uvumilivu wa Osborne ulikuwa kwenye dunia ambayo kijana akisajiliwa anakaa. Hata Dylan Raiola, yule kwotabeki aliyesajiliwa kwa shangwe zote na baba yake mdogo alikuwa kocha wa mstari wa mbele pale, yale majitu yanayomkinga kwotabeki, baada ya misimu miwili akaondoka.

Na wale wanaosema turudishe opsheni?

Hapa lazima nisimame kidogo maana kila ubishi wa Nebraska unafika hapa na mimi nimeupenda huu mchezo kwa sababu ya hizi video za zamani.

Kwa asiyejua, opsheni ni hivi: kwotabeki anachukua mpira anakimbia kuelekea pembeni, mwenzake anakimbia naye sambamba hatua chache nyuma yake. Kuna mlinzi mmoja pale mwisho wa mstari ambaye hawamzuii kabisa, wanamwacha makusudi. Kwotabeki anamtazama yeye tu, kiuno chake. Akimrukia kwotabeki, mpira unatupwa kwa mwenzake dakika ileile ya mwisho na njia ni nyeupe. Akimfuata mwenzake, kwotabeki anajikata ndani anakwenda. Yaani yule mlinzi vyovyote atakavyochagua amekosea. Unarudia hiyo tena na tena kwenye mechi, na kufika kipindi cha nne wale walinzi wamechoka kugongwa wanashika viuno, hapo ndo tachidauni zinamiminika.

Mtamu sana kuutazama, sikatai. Lakini nikilinganisha kilichokuwa kinaonekana na kilichokuwa kinafanya kazi, opsheni ilikuwa nguo tu, mwili ulikuwa mwingine. Mwili wenyewe ulikuwa jimu: Nebraska walimwajiri Boyd Epley 1969 kusimamia kunyanyua vyuma wakati vyuo vingine makocha walikuwa wanaogopa kwamba vyuma vitawafanya vijana wawe wazito, na kwa miaka mingi walikuwa na nguvu kuliko kila aliyekuja mbele yao. Mwili ulikuwa majitu ya mstari wa mbele, watoto wa wakulima wa mahindi na ng'ombe. Na mwili ulikuwa wale wanaoingia bila skolashipu, kijana wa mji wa watu 400 anakuja kwa gharama za baba yake kwa sababu toka mdogo ndoto ni kuvaa jezi ile, anakaa mazoezini miaka mitatu anapigwa na wakubwa, mwaka wa nne anacheza. Kikosi kilikuwa na watu zaidi ya 150 wakati mwingine, kwa hiyo mazoezi yao yalikuwa makali kuliko mechi za wengine.

Sasa hilo la mwisho ndo limekufa kisheria. Kuanzia msimu wa 2025 timu za hizi konfarensi kubwa zimewekewa ukomo wa wachezaji 105, basi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema turudi kwa njia za Osborne muulize kipi hasa, maana opsheni unaweza kuirudisha kesho asubuhi ukitaka lakini wale vijana hamsini wa ziada wa vijijini hairuhusiwi kuwarudisha. Na ile mechi ya kila mwaka na Oklahoma nayo ilishaondoka baada ya Big 12 kuanza kucheza 1996, ile ambayo 1971 siku ya Shukrani waliwapiga 35 kwa 31 huko Norman na wazee bado wanaiita mechi ya karne. Kisha 2011 wakahamia konfarensi ya Big Ten kwa hiyo watani wenyewe sasa ni Iowa na Wisconsin na Minnesota. Haya mambo yananihuzunisha kweli lakini kocha yeyote umlete hawezi kuyarudisha.

Kinachoweza kurudi ni mstari wa mbele wenye nguvu. Kipimo changu kinaanzia hapo.

Rhule mwenyewe

Alikuja Novemba 2022 na sifa moja iliyompa kazi: mwaka wa tatu. Chuo cha Temple alianza 2 kwa 10, mwaka wa tatu 10 kwa 4. Baylor alianza 1 kwa 11, mwaka wa tatu 11 kwa 3. Katikati alipita NFL kwa Carolina Panthers ikamshinda. Kwa hiyo Nebraska wote tulihesabu vidole, 2023, 2024, 2025. Ikatoka 5 kwa 7, halafu 7 kwa 6 na ushindi wa Pinstripe Bowl kwa Boston College 20 kwa 15, halafu mwaka wa tatu wenyewe tena 7 kwa 6. Muujiza haukuja. Na katikati ya huo msimu wa 2025 chuo kikamwongezea mkataba mpaka 2032, na hapo ndo watu wakachomoa mapanga.

Ila angalia ndani ya hizo namba kwa makini kidogo kwa sababu mimi hapa ndo nilibadilisha mawazo. Mwaka 2023 timu ilikuwa bado na ugonjwa wa Frost, ilifika 5 kwa 3 ikihitaji ushindi mmoja tu kwenda bouli, ikapoteza 4 za mwisho zote, tatu kwa pointi 3 na moja kwa muda wa nyongeza. Kucha, kucha, kucha. Mwaka 2025 lakini hizo mechi za kucha walishinda: Cincinnati kwa 3, Maryland kwa 3, Northwestern kwa 7, UCLA kwa 7. Walipoteza mbili za karibu, Michigan na USC. Nne kwa mbili. Ule ugonjwa uliomwondoa Frost kwa kweli umepona, na kuupa timu moyo wa kumaliza mechi sio kazi ndogo, mtu mwaminifu lazima ampe Rhule hapo.

Kilichoingia badala yake ni ugonjwa mwingine. Minnesota 24 kwa 6, na siku hiyo kwotabeki wa Nebraska aliangushwa mara 9. Penn State 37 kwa 10. Iowa 40 kwa 16, nyumbani, Ijumaa baada ya Shukrani, mbele ya watu waliokaa kwenye baridi ile. Utah kwenye bouli 44 kwa 22. Hizo sio mechi za bahati wala za uamuzi mbaya wa dakika ya mwisho, hapo ni kusukumwa, mstari wao wa mbele ulikuwa unasukumwa nyuma kama toroli tupu pande zote mbili za mpira. Frost alikuwa na timu inayoweza kusimama na Ohio State mpaka dakika za mwisho halafu ikajiua. Rhule ana timu isiyojiua ila ikikutana na watu wazima inabebwa. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa yake ni tofauti, na wengi wanaobishana wanayachanganya kwa sababu mwisho wa mwaka jedwali linasoma kushindwa tu.

Sasa uchague upande gani

Kama kinachokukera ni mechi za karibu na moyo wa wachezaji, kaa na Rhule, hilo amelitengeneza na kocha mpya anaweza kuliharibu upya kama Callahan alivyoharibu alichokikuta.

Kama kinachokukera ni kusukumwa, swali lako lisiwe kocha mkuu kwanza, liwe nani anafundisha mstari na pesa za usajili zinaenda kwa nani. Nebraska kwa miaka hii wametafuta kwotabeki nyota kwanza. Mimi ningemwaga hela kwa majitu matano ya mbele na manne ya upande wa ulinzi halafu kwotabeki yeyote mwenye akili timamu atatosha, maana yule nyota hata awe nani akiangushwa mara 9 mwisho atavunjika, na kweli Raiola alivunjika mguu kwenye mechi ya USC.

Kama wewe ni mtu wa Indiana, unataka mtu aletwe ageuze mambo kwa mwaka mmoja, nakuomba ukumbuke jambo moja: kwa kila Indiana kuna vyuo kibao vimelipa fidia vikarudi palepale, na Nebraska yenyewe imeshajaribu bahati hiyo mara nne tangu 2003, Callahan, Pelini, Riley, Frost, wote walikuja na wasifu unaong'aa. Pelini peke yake ndo alilipa na wakamfukuza.

Mimi nachagua kumvumilia mpaka msimu wa 2026 uishe, na sio uvumilivu wa kufumba macho kama tulioufanya kwa Frost. Nitaangalia vitu viwili. Mechi na Iowa, na idadi ya mara ambazo kwotabeki wetu anaangushwa kwenye mechi za Big Ten. Sio jumla ya ushindi, maana jumla unaweza kuipamba kwa kuwapiga Akron 68 kwa 0 kama 2025. Iowa wakitusukuma tena yadi zile, mstari ukiwa bado karatasi baada ya misimu minne ya kocha mmoja na mabegi ya pesa, basi mkataba wa 2032 usitutishe, fidia ilipwe na aende, na safari hii atafutwe mtu aliyejenga mstari mahali, sio aliyecheza hapa zamani wala aliyetoka NFL.

Yule mzee wa folklifti yeye yuko upande wa kuvumilia moja kwa moja, nilipomuuliza kwa nini akaniambia baba yake alimtaka Osborne afukuzwe mwaka 1977 na alikuja kuona aibu maisha yake yote. Tumekubaliana Iowa tutaiangalia kwake, ana televisheni kubwa na mke wake anatengeneza zile mikate ya nyama ya ng'ombe na kabichi ya kwao, mimi nimeahidi kuleta sambusa.